Cessna 310, Piper Aztec au Beechcraft Baron: ipi ya kuiweka Mwanza?

Mtu wa Mwanza anayetafuta ndege ndogo ya zamani yenye injini mbili kwa kawaida huishia kwenye majina matatu: Cessna 310, Piper Aztec na Beechcraft Baron. Zote ni za Marekani, zote zina viti vitano au sita, zote hutumia mafuta ya avgas (petroli ya ndege) na zote hukunja magurudumu baada ya kuruka. Bei zake ni za kuchangika kwa watu wanne watano wenye biashara ya samaki, dhahabu au hoteli. Na kinachowasukuma ni kitu kimoja: ukiishi hapa, safari nyingi za maana hupita juu ya maji, na mtu akiyatazama maji yale hutamani injini ya pili.

Hofu hiyo naiheshimu. Lakini ahadi ya injini ya pili ndiyo inayopaswa kupimwa kwanza, maana ukishaipima kwa hewa ya Mwanza, swali la "ipi ni bora" linageuka. Linakuwa: nani alikuwa nayo, aliitunzaje, na je, karatasi zinathibitisha?

Hewa ya hapa

Kiwanja cha Mwanza kiko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya hewa ya kawaida, kimo hicho kingekuwa na nyuzijoto 7 au 8. Mchana wetu ni nyuzi 28. Chukua tofauti hiyo ya nyuzi 20, izidishe kwa futi 120 kwa kila nyuzi kama marubani wanavyofundishwa, kisha ujumlishe na kimo cha kiwanja: ndege inajihisi iko karibu futi 6,200. Mabawa, propela na injini vinakula hewa nyembamba ya kimo hicho wakati wewe bado uko kwenye lami, ziwa likiwa mbele yako.

Sasa angalia kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege hizi. Kwa ndege zisizozidi ratili 6,000, yaani kama kilo 2,700, zile zinazoweza kuruka taratibu sana kabla mabawa hayajaishiwa nguvu hazikulazimika kuonyesha kwamba zinapanda kwa injini moja. Nyingine zilitakiwa zipande, lakini kidogo tu, katika hali ya futi 5,000 za hewa ya kawaida. Mwanza saa nane mchana umeshazipita futi hizo 5,000 kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Na vipimo vile vilichukuliwa kwa ndege mpya, rubani wa majaribio, magurudumu yamekunjwa na mapanga ya propela ya injini iliyozimwa yamelazwa yasizuie upepo. Injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda unashuka kwa asilimia 80 au zaidi. Ndege ya mwaka 1975 yenye silinda zilizochoka, watu sita na matangi yamejaa haiwezi kukulipa deni hilo.

Kwa hiyo injini ya pili ni msaada wa kweli ukiwa tayari juu, katikati ya ziwa, mzigo mwepesi, unatafuta nchi kavu. Dakika mbili za kwanza baada ya kuruka, msaada pekee ni injini zote mbili kuwa nzima na rubani aliyezoea mazoezi ya injini moja. Ukienda Nairobi mambo yanazidi, kwa sababu kiwanja cha Wilson, ambako wenye ndege ndogo wengi wa Afrika Mashariki hupeleka ndege zao kwa mafundi, kiko zaidi ya futi 5,500. Ndege uliyoitoa Mwanza kwa shida, Wilson itakupa shida zaidi.

Hapo ndipo historia ya ndege inapoacha kuwa habari za kupendeza za kusimulia na kuwa sehemu ya mashine yenyewe.

Mwendo, ambao haustahili uzito unaopewa

Baron 58 ndiyo yenye mbio kuliko zote, karibu noti (maili za baharini kwa saa) 190 hadi 200 ikiwa nzima. Cessna 310 ya miaka ya mwisho inaifuata kwa karibu. Aztec iko nyuma, noti 165 hadi 175. Wauzaji wanaupigia debe sana mwendo huu. Lakini Mwanza hadi Bukoba ni kama kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Tofauti ya Baron na Aztec kwenye safari hiyo ni dakika tano. Kwenda Dar es Salaam, kilomita 850 hivi, tofauti inafika dakika ishirini na tano. Kwa mafuta zote tatu zinakaribiana, lita 100 hadi 120 kwa saa, kutegemea injini na jinsi rubani anavyozitumia. Kama huendi Dar kila wiki, usiinunue Baron kwa ajili ya mwendo.

Cessna 310

Hii ndiyo ya kwanza kuzaliwa. Iliruka mara ya kwanza Januari 1953 na ikatengenezwa kuanzia 1954 hadi 1980, zaidi ya ndege elfu sita kwa jumla. Za mwanzo zilikuwa na injini za Continental za nguvu farasi 240. 310R, iliyo ya mwisho, ina 285 kila upande. Unaitambua kwa mbali kwa matangi yale makubwa yaliyochongoka kwenye ncha za mabawa.

Matangi hayo ndiyo uzuri wake na ndiyo mtihani wake. Tangi kuu la kila injini ni lile la nchani, na ndani ya bawa kuna tangi la ziada. Pampu ya injini huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki hurudishwa kwenye tangi kuu, hata kama wakati huo unatumia la ziada. Rubani asiyejua akihamia tangi la ziada mapema, tangi kuu likiwa bado limejaa, yale yanayorudi yanakosa nafasi na kumwagika nje. Anadhani ana mafuta ya saa nne, kumbe sehemu yake imebaki angani. Ndiyo maana maelekezo yanamtaka atumie tangi kuu kwanza kwa saa moja hadi saa moja na nusu, kulingana na ukubwa wa matangi ya ziada. Safari ya Bukoba inakwisha kabla swali hilo halijafika. Safari ya Dar inalileta, na linakuja wakati rubani ameshachoka.

Mtu anayekuja kutoka ndege nyingine asikabidhiwe 310 kwa saa mbili za mafunzo. Na ukisoma kumbukumbu za ndege hiyo, tafuta kila mahali palipoandikwa kwamba injini ilizima ikiwa safarini kisha ikawaka tena bila hitilafu kuonekana. Mara nyingi hilo ni suala la mafuta.

Magurudumu yake huendeshwa na mota moja ya umeme kupitia vyuma virefu na viungo vingi, na viungo hivyo vinataka kupangwa kwa kipimo sahihi kabisa. Vikilegea kidogo, gurudumu linaonekana limefunga kumbe halijafunga, na siku ndege ikitua upepo ukiipiga ubavuni linakunjika. Kama unakusudia njia za nyasi kama ile ya kisiwa cha Rubondo, fundi aiinue ndege kwenye jeki na akunje na kukunjua magurudumu mbele yako, mara nyingi, akipima. Kwenye 310 za zamani zaidi, ambazo moshi wake hutokea juu ya bawa, mwombe afungue na achungulie chuma kilicho nyuma ya injini, kwa sababu moshi ule hula alumini.

Kuna safari moja ya 310 inayopaswa kujulikana na kila mtu anayevuka ziwa hili. Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ya aina ya 310C iliondoka Anchorage kwenda Juneau, Alaska, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwemo Hale Boggs, kiongozi wa wabunge wa chama cha Democratic katika Bunge la Marekani, mbunge Nick Begich wa Alaska, msaidizi wake na rubani. Walitafutwa kwa siku 39. Hakuna ishara ya dharura iliyosikika, na ndege haijaonekana hadi leo.

Usiseme Alaska ni mbali. Ziwa Victoria lina mawimbi, lina mvua za radi zinazojikusanya juu ya maji usiku na kumwagika alfajiri, na kuna sehemu ambazo ukiwa katikati huoni ng'ambo yoyote. Ndege nyingi za zamani bado zina kifaa cha dharura cha masafa ya megahezi 121.5, ambayo setilaiti za uokoaji ziliacha kuyasikiliza tangu Februari 2009. Kifaa kinachotakiwa ni cha megahezi 406. Na kwa kuwa hicho kilichofungwa mkiani kikizama hakisikiki, kila jaketi la kuokoa maisha liwe na kifaa chake kidogo cha aina hiyo. Muuzaji akikwambia kifaa "kipo", mwulize ni cha masafa gani na betri yake inaisha muda lini.

Piper Aztec

Aztec ilitoka mwaka 1960 kutokana na mtangulizi wake, Apache, ikaendelea hadi 1981. Injini zake ni za Lycoming za nguvu farasi 250, na ukimwuliza fundi yeyote aliyekulia kwenye injini za pistoni atakwambia hizo ni injini za kazi. Muda unaopendekezwa kabla ya ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya, ni saa 2,000, wakati IO-520 za Continental zilizomo kwenye Baron na 310R ni saa 1,700. Bawa lake nene linainyima mbio lakini linaibeba vizuri ikienda taratibu, na linakubali njia fupi. Mzigo inaochukua, ukijumlisha mafuta, watu na vitu, ni karibu kilo 900. Kwa mtu wa ziwani, anayebeba vipuri, madebe na jamaa wa ukoo kwa mkupuo mmoja, hii ni ndege inayomfahamu.

Lakini ina jambo moja ambalo Mwanza linageuka kuwa zito. Magurudumu na flapu zake (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) huendeshwa na mafuta ya haidroliki, na kwenye Aztec nyingi pampu ya haidroliki iko kwenye injini ya kushoto peke yake. Kwa jinsi propela zake zinavyozunguka, injini ya kushoto ndiyo ambayo ikifa ndege inakuwa ngumu zaidi kuidhibiti. Sasa fikiria: umeruka kuelekea ziwani, injini ya kushoto imekufa, magurudumu bado yako chini yakivuta upepo, na njia ya kuyakunja ni rubani kupampu kwa mkono mara kadhaa wa kadhaa huku akiishikilia ndege isigeuke. Ipo chupa ya gesi ya dharura, lakini hiyo ni ya kushusha magurudumu. Haiyapandishi.

Kuna Aztec zilizotoka na pampu ya pili upande wa kulia. Ningeichukua hiyo hata kama rangi imebabuka na viti vimechanika, nikaiacha inayong'aa yenye pampu moja. Angalia kwa macho yako injini ya kulia, usiridhike na maneno ya tangazo.

Jambo la pili ni mwili. Ndani ya ngozi ya alumini ya Aztec, sehemu ya abiria imeshikiliwa na mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Maji yakiingia kwenye mlango au dirisha lililochakaa yanakaa huko chini na kutu inaanza bila mtu kuiona. Matangi yake ni mifuko ya mpira. Ikikunjamana hutengeneza vidimbwi vya maji ambavyo havitoki unapochuja mafuta asubuhi. Kwenye unyevu wa pwani ya ziwa mambo haya mawili yanakwenda haraka kuliko yalivyokwenda Arizona au Johannesburg.

Ajali ya Aztec inayonipa mawazo kila ninapoona ndege ikibadilishana mikono ovyo ni ya Graham Hill, bingwa wa dunia wa mbio za Formula One wa 1962 na 1968. Usiku wa tarehe 29 Novemba 1975 alikuwa akiirusha mwenyewe Aztec akitoka Ufaransa na watu wa timu yake, akijaribu kutua Elstree, karibu na London, katika ukungu. Wote sita walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ile, iliyokuwa na namba za Marekani, ilikuwa imeshaondolewa kwenye daftari la usajili la huko, hivyo haikuwa imesajiliwa popote, na vyeti vya rubani vya kuruka katika hali ile havikuwa halali. Bima haikulipa. Familia za waliokufa zilidai fidia kutoka kwenye mirathi ya Hill.

Ukungu ndio uliomaliza safari. Karatasi ndizo zilizomaliza familia. Huku kwetu nimesikia watu wakipatana kununua ndege kwa mkataba wa kurasa mbili, namba za usajili za nchi nyingine zikiachwa vilevile "kwa muda" mpaka mambo yakae sawa. Nawasihi wasifanye hivyo hata kwa wiki moja.

Beechcraft Baron

Baron ya kwanza, 55, ilitoka mwaka 1961. Ninayoizungumzia hapa ni 58, ya kuanzia 1970, yenye mwili mrefu zaidi, viti vya nyuma vya kutazamana na mlango mpana wa mizigo ubavuni. Hadi 1983 ilikuwa na Continental IO-520 za nguvu farasi 285. Kuanzia 1984 ikapata IO-550 za 300. Kwa ubora wa ujenzi na raha ya kuirusha haina mpinzani kati ya hizi tatu.

Mwaka 1984 ni mpaka muhimu kwa sababu ya pili pia. Kabla ya hapo swichi za magurudumu na flapu zilikuwa zimepangwa kinyume na ndege nyingi nyingine: flapu kushoto, magurudumu kulia. Rubani anatua, mkono unakwenda kwenye mazoea kupandisha flapu, na anakunja magurudumu ndege ikiwa bado inakimbia kwenye lami. Hilo lilitokea mara nyingi kiasi kwamba bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ililichunguza na kuandika juu yake mwaka 1980. Hata leva za injini zilipangwa tofauti, za propela zikitangulia kushoto na za nguvu zikiwa katikati. Kama ndege itarushwa na marubani wawili watatu wa kupokezana, wenye mazoea ya ndege tofauti, Baron ya kabla ya 1984 ni chaguo baya. Kwa mwenye ndege mmoja asiyerusha nyingine, anaizoea. Na ukisoma kumbukumbu zake ukaona propela zote mbili zilibadilishwa siku moja, jua ilikaa tumbo chini. Basi tafuta kama injini nazo zilifunguliwa, kwa sababu propela ikigonga lami mshtuko unakwenda hadi kwenye krenkishafti, mhimili mkuu wa injini.

Chuma kinachounganisha mabawa mawili chini ya sakafu kina historia ya kupasuka kwenye ndege za familia hii, na Marekani imeweka ukaguzi wa lazima unaorudiwa. Ukaguzi huo lazima uonekane kwenye kitabu, na tarehe na saa. Pengo hapo likitokea, simamisha mazungumzo ya bei.

Jerry Litton, mbunge wa Missouri, alikufa ndani ya Baron tarehe 3 Agosti 1976, usiku aliposhinda kura za chama chake za kugombea useneta. Ndege ilikuwa imetoka tu kuruka Chillicothe kwenda kwenye sherehe. Krenkishafti ya injini ya kushoto ilikatika. Alikuwa na mkewe na watoto wao wawili, rubani na mtoto wa rubani. Hakupona mtu. Ndege ilikuwa ya kisasa kwa wakati ule, injini ya pili ilikuwepo, na ule ulikuwa uwanda wa Missouri, chini sana kuliko Mwanza.

Kwa injini za Continental za umri huu, uliza krenkishafti ni ya chuma cha aina gani. Kuna za zamani zilizoyeyushwa kwa njia ambayo baadaye ilitiliwa mashaka, na maelekezo ya lazima yalitolewa kuzihusu. Jibu liko kwenye kitabu cha injini, kwenye ukurasa wa ovaholi, na fundi mzuri analipata kwa dakika kumi. Asipolipata, hesabu kwamba injini hiyo inataka kufunguliwa, na ovaholi ya injini mbili inaweza kuzidi bei uliyonunulia ndege yote.

Waliokuwa nayo kabla yako

Hapa ndipo ninapotaka mnunuzi atumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote.

Dalali atakwambia ndege bora ni ya mzee mmoja aliyeiweka kwenye hanga, akairusha Jumapili kwa Jumapili. Inasikika vizuri. Lakini injini ya Lycoming ina kamshafti, mhimili unaofungua vali, iliyo juu ya krenkishafti. Ikikaa wiki nyingi bila kuwashwa, oili inachuruzika chini, kamshafti inabaki kavu, unyevu unaianza. Ndege iliyofanya saa ishirini kwa mwaka kwa miaka kumi inaweza kuwa na injini mbovu kuliko iliyofanya saa mia tatu kwa mwaka kwenye kampuni ya kukodisha. Lycoming na Continental wenyewe wanasema ovaholi ifanywe kila baada ya miaka 12 hata kama saa hazijafika. Tangazo linalosema "saa 600 tu tangu ovaholi" bila kutaja mwaka wa ovaholi linaficha nusu ya habari.

Ndege ya kampuni ya kukodisha imechoka mwilini: milango, viti, magurudumu, kingo za mbele za mabawa. Ila vitabu vyake kwa kawaida vimejaa, kwa sababu kampuni ililazimika kukaguliwa. Ndege ya shule ya urubani imezimwa na kuwashwa injini moja mara nyingi mno kwa mazoezi, na gurudumu la mbele limepigwa na wanafunzi wa kila aina. Ya shirika la misheni au la serikali naipenda: mafundi walewale kwa miaka mingi, mwandiko uleule ukurasa baada ya ukurasa. Mbaya kuliko zote ni ile iliyoegeshwa nje miaka minne, nyasi zimeota chini ya mabawa, ndege wa porini wamejenga viota ndani ya mkia, na mwenye nayo anadai "inahitaji betri tu". Bei yake itakuvutia. Iache.

Kufuatilia wamiliki, usishike namba ya usajili. Hiyo hubadilika: ndege inaweza kuzaliwa na N ya Marekani, ikawa G ya Uingereza, ikaja Kenya ikawa 5Y, na wewe unataka kuiita 5H ya Tanzania. Isiyobadilika ni namba ya kiwandani iliyopigwa kwenye kibati chake. Za Baron 58 huanza na TH, za Aztec na 27, za 310R na 310R. Kwa namba hiyo unaweza kuomba Oklahoma City, kwenye daftari la Marekani, jalada zima: wamiliki wote, madeni yaliyoandikwa dhidi ya ndege, matengenezo makubwa. Kumbukumbu za ajali za NTSB zinaanzia 1962 na ni bure mtandaoni. Tafuta kwa kila namba ya usajili ambayo ndege iliwahi kuvaa, maana ajali ya mwaka 1981 imeandikwa kwa namba ya mwaka 1981.

Kisha linganisha. Kama jalada linasema ndege ilikuwa Florida kuanzia 1985 hadi 1988 na vitabu havina kitu kwa miaka hiyo, kuna mtu aliyetoa kurasa. Kitabu kilichopotea na "kuanzishwa upya" kinafuta thamani ya ndege, na kwa maoni yangu kinaondoa sababu ya kuendelea.

Kwa upande wetu, kabla ya kutoa hata malipo ya awali, iandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, uulize kama ndege ya mwaka huo inasajilika hapa kwa matumizi unayoyataka. Matumizi ya binafsi na kubeba abiria wanaolipa ni mambo mawili tofauti kabisa kisheria, na kundi linalopanga "kuwasaidia watu kidogo" kufidia mafuta lijue limeshaingia upande wa pili. Hakikisha pia avgas utaipata wapi, na nani atakayesimama kwenye bawa wakati wa kujaza. Viwanja vyetu vimezoea Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini za ndege kubwa. Jet A-1 kwenye injini ya pistoni itakufikisha mwisho wa njia, labda na kidogo zaidi. Avgas ni ya buluu. Iangalie mwenyewe kwenye chupa ya kuchujia.

Ningechagua nini

Kwa safari fupi za ziwani, Bukoba, Musoma, Rubondo, na mizigo ya kawaida: Aztec yenye pampu mbili za haidroliki. Kwa anayekwenda Dar au Nairobi mara kwa mara, ana rubani mmoja wa kudumu na fedha za matengenezo zisizoyumba: Baron 58 ya 1984 au baadaye. Cessna 310 ningeiweka ya tatu kwa mazingira yetu, nikiipandisha kuwa ya kwanza endapo rubani wako amekulia kwenye 310 na ndege ina vitabu kamili.

Wenye safari za visiwani tu watazame pia Britten-Norman Islander, ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza 1965. Magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo hakuna cha kusahau wala cha kukunjika, na ndiyo ndege inayofanya safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani, ya chini ya dakika mbili, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray huko Scotland. Ni ya taratibu na ina kelele. Na kama shida yako ilikuwa kufika Sengerema au Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeshaimaliza. Weka fedha yako kwingine.

Tena lipo la hali ya hewa, ambalo injini mbili zinawadanganya watu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR ya abiria yenye injini mbili za tabaini, marubani wawili na vyombo ambavyo Aztec haivioti, iliingia ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika mvua. Watu 19 kati ya 43 walikufa, na wavuvi ndio waliofika kwanza. Kwa ndege ya mwaka 1975 yenye rubani mmoja, saa ya kuondoka iamuliwe na mawingu, wala si na kikao kinachokusubiri ng'ambo.

Ukishapata ndege yenye vitabu vilivyonyooka, mlipe fundi asiyemjua muuzaji aifungue: silinda zote apime mgandamizo, achungulie ndani kwa kamera, akate chujio la mafuta ya injini atafute chembe za chuma. Kisha iruke na rubani mwalimu, mapema asubuhi, ipande hadi kimo cha usalama juu ya nchi kavu, izimwe injini moja na mapanga yalazwe, halafu ya pili hivyohivyo baada ya kuiwasha ya kwanza. Propela isiyokubali kulala siku hiyo haitakubali siku nyingine. Andika inapanda futi ngapi kwa dakika kwa kila injini peke yake, na uzito mliokuwa nao. Namba hizo mbili, zikiwa na tarehe, ziingie kwenye kitabu pamoja na mkataba wa mauzo. Kama muuzaji anakataa jaribio hilo, ndege nyingine zipo sokoni.